Nilichaguliwa kwenda kozi ya social work 1988, nikampa mwenzangu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki ama wivu

Jumatano, 14 Septemba 1988. Ukungu mpaka saa nne, halafu jua. Upepo wa vumbi. Dalili ya mvua hakuna.

Wakuu, hamjambo. Hayo nimeyatoa kwa diary yangu ya zamani, neno kwa neno. Mimi si msomi, niliachia Form Two, lakini tangu usichana huwa naandika siku ilivyokuwa. Kwa hivyo ninayowaambia hapa nimeyaangalia kwanza kwa daftari. Mahali sikumbuki nitasema sikumbuki.

Kilichonisukuma ni ile list mmoja wenu aliweka juzi, ya trainings na seminars zinazokuja za wanafunzi wa social work. Nimesoma comments zote. Watu wanaulizana nani amependelewa, nani ana mtu wake ofisini.

Nikasikia ule moto wa zamani kwa kifua.

Kwetu ni Mbooni, si mbali na Kikima. Mwaka huo tulikuwa wasichana wawili tukijifunza kazi ya social work chini ya afisa wa maendeleo ya jamii, Bwana Kioko. Darasa halikuwepo. Ulikuwa unapewa kikundi cha mwethya, wale akina mama wanaolimiana mashamba na kuchimba matuta pamoja. Unakaa nao mwaka mzima, unatembelea nyumba zenye shida, unaandika ripoti. Ukionekana unafaa, unatafutiwa kozi.

Wa pili aliitwa Kalekye. Yeye alitoka Mwingi. Kwa sababu hakuwa na ndugu huku, alikaa kwetu, kitanda kimoja na mimi.

Nilimwonea wivu huyo msichana mpaka nikawa nachoka.

Ripoti safi zilikuwa zangu. Nilipiga mistari na rula. Kalekye aliandika mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ameufuta. Lakini akienda kwa mtu hakungoja kukaribishwa kwa kiti. Alipita moja kwa moja jikoni, akashika mwiko. Hata mama yangu mzazi alianza kuita jina lake kabla ya langu.

Niwape mfano mmoja, muone sisemi tu.

Kulikuwa na nyanya, au susu kwa lugha ya kwetu, Susu Syokau, alikuwa na mjukuu mwenye mguu mbaya na hakutaka kumpeleka hospitali. Nikatumwa mimi. Nikamsomea karatasi ya kliniki kutoka juu mpaka chini.

Akaniita msichana: "Umesoma vizuri, mwiitu. Sasa nenda nyumbani."

Kesho yake akaenda Kalekye. Akakaa chini, wakasuka kiondo. Mchana wote. Siku iliyofuata, kiondo tena. Mguu hakuutaja. Diary yangu ya siku hiyo inasema: "K. hajafanya kazi leo. Amesuka tu."

Siku ya tatu susu mwenyewe akauliza, "Hiyo hospitali yenu, mtu anashukia wapi?"

Niliandika hiyo pia. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, lakini niliandika.

Sasa turudi kwa hiyo Jumatano.

Tulikuwa kwa matuta. Bwana Kioko akaja na pikipiki yake na barua ya mambo yanayokuja. Akatusomea. Seminar ya siku mbili Machakos kuhusu lishe ya watoto, hiyo tungeenda wote. Siku ya kutembelea nyumba ya watoto walemavu, wote pia. Halafu kozi ya certificate, miezi tisa Nairobi, kuanzia Januari. Ukimaliza unaajiriwa, unapelekwa popote.

Nafasi moja.

Kalekye akaacha jembe. Hiyo kozi alikuwa ameingoja. Mwaka uliotangulia barua ya kumwita ilifika kwao Mwingi wakati wenzake wako darasani tayari. Mimi nami nilikuwa naiota tangu nikose kuendelea na shule. Huwezi kusema mmoja wetu alikuwa na haja kidogo.

Bwana Kioko akawaambia akina mama, "Hawa ni wenu. Chagueni mtu wa kutuma."

Mwaka huo kura zilikuwa za mlolongo, mnasimama nyuma ya mtu wenu na mnahesabiwa. Wakafanya hivyo hivyo. Sisi wawili tukaambiwa tuangalie bondeni tusione nani anaenda wapi, baadaye tusiwe na kinyongo.

Nikaangalia bonde. Nilikuwa nimeshajiambia nitaisha na watu wawili, binamu yangu na yule jirani tunayechota maji pamoja.

Nikasikia miguu. Mingi. Na inakuja kwangu.

Tulipogeuka, mlolongo wangu ulishuka matuta matatu. Kalekye alikuwa na wanne.

Wakuu, sitawadanganya. Kitu cha kwanza sikufurahia kozi. Nilifurahia uso wake ulivyoanguka.

Akaja akanishika mikono yote miwili. "Umenishinda, mwiitu wa mwaitu," akasema, yaani binti wa mama yangu, dada wa tumbo moja. Akaenda kando akajifanya anafunga leso.

Mimi nikasimama kama mtu wa kuhutubia. Nikasema, "Asanteni akina mama kwa kuona kazi yangu."

Susu Syokau akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kazi gani? Sisi tumeangalia ni nani tukimkosa hatutalia."

"Susu, nyamaza," Mama Nduku akamwambia. Huyo ndiye alikuwa mwenyekiti.

"Ninyamaze nini, si tuliongea jana kisimani? Huyu wa Mwingi akienda hiyo Nairobi atapelekwa mbali, hatutamuona tena. Huyu wetu hata akienda tutaendelea tu."

Mama Nduku akaniangalia kwa huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Usimsikize, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa upole. Halafu kwa sababu ni mtu wa kanisa na hasemi uongo, akaongeza, "Lakini tuliongea, ndiyo."

Kwa hivyo niliposhinda ndipo nilishindwa.

Kwa haki lazima niseme hivi. Hawakunichukia. Walikuwa na mtu mzuri na hawakutaka kumpoteza. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Lakini kuelewa hakukunipunguzia kitu.

Bwana Kioko hakusikia hayo, alikuwa anatafuta form kwa begi. Akasema, "Naenda kunywa chai kwa mwenyekiti. Aliyechaguliwa akijitoa, wa pili anaenda. Nikirudi nataka jina na sahihi."

Nikamfuata Kalekye pale kando. Nikamwambia yote, vile susu alivyosema.

Nilidhani itamfariji. Akakaa kwa udongo.

"Kwa hivyo wananipenda," akasema.

"Wanakupenda."

"Na ndiyo maana siendi."

"Ndiyo."

"Wewe una bahati," akaniambia. "Wewe wanakuachilia."

Hebu fikirini. Mimi niko hapo roho inanichoma kwa vile yeye anapendwa, na yeye ananionea wivu kwa vile mimi sipendwi sana. Hakuna hata mmoja wetu alikuwa anadanganya.

Pikipiki ya Bwana Kioko tuliiona iko kwa mwenyekiti bado.

Nikasema, "Weka wewe sahihi."

"Usinifanyie mzaha."

"Form ni ya mtu anayejua kazi. Mimi najua kuandika tu."

Akakataa. Nikasema tena. Akakataa mara ya pili, na ya tatu hakukataa.

Aliporudi Bwana Kioko nikamwambia najitoa. Akaniuliza sababu. Nikamwambia akina mama walichagua wa kuachilia, si wa kufaa, na anayefaa ni Kalekye. Akasema, "Sawa," akamgeuzia kalamu.

Mama Nduku hakunisalimu vizuri mpaka mvua ikaja. Nilikuwa nimewaondolea mtu wao. Kalekye alimaliza kozi, akapelekwa upande wa Kitui, na vile susu alivyosema, hatukumuona tena ila kwa barua. Mimi nilibaki na kikundi miaka kumi na moja. Seminars ndogo ndogo nilienda. Sikuwahi kuwa kama yeye. Walinizoea, tuseme hivyo.

Watu wakisikia hii story huniambia nilikuwa na roho nzuri. Ndiyo maana nimekuja hapa, kwa sababu nyinyi hamnijui.

Usiku huo kabla ya kulala niliandika line moja nikaikata, lakini bado inasomeka. Inasema: "Sasa watabaki na mimi tu."

Niliandika hiyo kwa mkono wangu. Kwa hivyo ile sahihi nilimpa kwa sababu alistahili, ama nilitaka atoke kitandani kwangu, jikoni kwa mama yangu, na kwa midomo ya akina mama wa mwethya? Yote mawili ni kweli. Nimeshindwa kujua ni gani ilitangulia.

Nilichojifunza ni hiki. Kwa nyinyi vijana wa social work mnaosukumana kwa ile list: mtu akikupisha, pita, usimchunguze roho. Lakini wewe ukimpisha mtu, jichunguze, na usingoje sifa. Na ukikosa nafasi, uliza kwanza. Pengine kuna watu wamekushika shati hawataki uende.

Sasa nyinyi niambieni, bila kunionea huruma. Nilimpa ama nilimfukuza? Nitasoma zote, hata zile kali.

Jioni hiyo kwetu tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi. Mama alimpakulia Kalekye kwanza, sahani imejaa. Mimi alinipa ile ya chini ya sufuria, iliyoshika kidogo, kwa sababu alijua ndiyo napenda.