Kudunda, Tatu kwa Mia

Mwanaume niliyempenda alimleta mama yake uwanjani nimpe alama, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikampa tatu kwa kudunda mpira. Tatu kwa mia.

Ngoja nieleze, maana nikisimulia hivi watu hudhani nilikuwa nimerogwa. Tulikuwa na ligi ya mpira wa kikapu isiyochezwa na mtu. Ni mchezo wa kompyuta: unaunda timu, unaandika namba za kila mchezaji, halafu kompyuta inacheza yenyewe na kukuletea matokeo. Wenye timu walikuwa marafiki zangu wa hapa Kitengela, watu wazima wenye kazi zao, na walinuniana wiki nzima kwa ajili ya mechi ambazo hakuna aliyezicheza. Mimi sikuwa na timu. Kazi yangu ilikuwa kuwapa alama wachezaji wapya wa kila msimu, tuliowaita mono kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Walinichagua kwa sababu sijui kupendelea, na mdomo wangu hauna breki.

Mwanzoni kila mtu alijibunia mono wake. Ukiwasoma, wote walikuwa na urefu wa mlingoti wa stima na waliruka kama swara. Nikachoka na uongo, nikatoa sheria: mono awe mtu halisi unayemjua, awe amekubali, na umlete uwanjani nimwone kwa macho yangu. Hapo ndipo ligi ikanoga. Mmoja alimleta fundi wake wa viatu. Mwingine alimleta pasta, akaruka na suti, nikampa themanini kwa kuruka na kumi na mbili kwa kutua. Jumamosi zile zilikuwa raha tupu. Nilirudi nyumbani mbavu zikiniuma.

Mpenzi wangu alikuwa na timu iliyoshika mkia msimu baada ya msimu. Tulikuwa tumeanza kuzungumzia ndoa, lakini mama yake alinijua kwa kusikia tu. Kwao ni Matasia, na mama hakuwa mtu wa kuletewa mchumba hivi hivi. Mjanja wangu akaona amalize yote kwa mkupuo: timu ipate mono, na mama anione.

Mama alikuja na raba nyeupe chini ya sketi ndefu, mrefu, mabega yamenyooka. "Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai. "Ipa," nikajibu, nikainamisha kichwa kama mtoto, akanigusa utosini. Nilimwogopa. Kisha nikatoa simu nianze kuandika, na woga wote ukaniisha, kwa kuwa nikianza kutoa alama huwa sina mama wala shangazi.

Alikuwa amecheza netiboli shuleni, na netiboli haikuwa imemtoka. Kila alipopokea mpira alisimama tuli, mguu mmoja umeganda chini, akitafuta wa kumpa.

"Dunda, mama! Tembea nao!" mwanawe akapiga kelele.

"Nitembee nao niupeleke wapi? Na wewe umesimama tu hapo?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Lakini pasi zake! Mpira ulitoka kifuani mwake na kukufikia kabla hujajiandaa. Mwenye timu mmoja ulimgonga pua. Na kwenye kikapu hakuugusa ubao hata mara moja, maana netiboli haina ubao. Mpira ulipita katikati ya wavu kimya.

Nikaandika. Kurusha, sabini na nane. Pasi, tisini na tano, ya juu kuliko zote nilizowahi kutoa. Kudunda, tatu. Mwisho huwa kuna namba mbili ambazo kompyuta huzitazama zaidi: leo, yaani mchezaji alivyo sasa, na kesho, yaani atakapofika. Leo nilimpa sitini na sita. Kesho, nikiangalia umri wake, nikampa arobaini. Nikatuma kwenye grupu ya ligi na kwenda kula nyama choma.

Jumatatu mpenzi wangu akanipigia, sauti imepungua. "Mama ameona alama. Ameniomba simu, ningemkatalia aje? Anasema ukuje nyumbani, ati mko na maneno."

"Amekasirika?"

"Sijui. Amezisoma mara tatu. Na mama huwa hasomi kitu mara mbili."

Nilikuwa nimempata mwanaume wa maisha yangu, mpole, mcheshi, anayenipikia nikiugua, na sasa ningempoteza kwa sababu ya kudunda mpira. Nilifikiria kuigeuza ile tatu iwe hamsini. Haki ya Mungu nilijaribu. Kidole kikakataa.

Nilimkuta mama jikoni akikatakata kabichi, mwanawe amekaa kona, hana msaada wowote. Mama akapangusa mikono, akavaa miwani, akachukua simu ya mwanawe.

"Kudunda tatu," akasoma. "Hiyo nimekubali. Sijui kudunda, na sina haja. Pasi iko sawa. Sasa hapa. Leo sitini na sita, kesho arobaini. Hii ni nini?"

"Ni umri, mama. Kompyuta inataka…"

"Usiniambie ya kompyuta. Ni nani ameandika?"

"Ni mimi."

"Mwaka jana sikuwa najua kuendesha gari. Saa hii naendesha mpaka Kiserian. Juzi nimeanza kufuga kuku, hata sijui nitafika wapi nao. Wewe umeniona asubuhi moja, ukajua kesho yangu imepungua?"

Aibu ilinishika kweli, kwa sababu hakuwa amekosea popote. "Hiyo nilikisia, mama," nikasema. "Nisamehe, nitaifuta. Lakini zile zingine niliziona kwa macho. Hizo hazibadiliki."

"Hata tatu?"

"Hata tatu."

Mwanawe akafunga macho. Mama akanitazama, akaokota kabichi nzima mezani, akaniachia pasi. Ilikuwa pasi ya tisini na tano. Niliidaka kifuani, nikarudi kinyumenyume, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la viazi.

"Mikono, hamsini," akamwambia mwanawe. "Kusimama, tano. Kusema ukweli, mia." Kisha akacheka, na kile kicheko kikawatawanya kuku nje ya mlango.

Mwanawe akafungua jicho moja. "Na kesho yake, mama?"

"Hiyo siwezi kuandika peke yangu. Aambie watu wa kwao watupatie siku, tukuje na wazee, tuiandike pamoja."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, yote nikiwa palepale kwenye gunia na kabichi nimeikumbatia. Mama aliniambia niinuke nimpe, kuna watu walikuwa na njaa.

Jioni nilipanda boda kwenda barabarani. Nilimwambia mwendeshaji nimempa tisini na tisa kwa kila kitu. Akasema asante, madam, na akaongeza mwendo.