Nyumba Iliyosema Mauti

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa ami yangu, mvulana wa miaka kumi na mbili, alishakata shauri: wasichana nyuma, pamoja na watoto wadogo. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, jioni ya Karankasho, watoto wa Maskati wanapopita mlango kwa mlango wakigonganisha mawe na kuomba peremende. Darasani mtu aliwahi kuiita Halowini ya Waarabu. Sikukubali siku ile, wala sikubali leo. Hatukuvaa vinyago. Majini tulikuwa nayo vichwani.

Mwenye mawe ndiye anayetangulia. Mawe alikuwa nayo yeye, na mimi nilitaka kutangulia.

Mtaani kwetu Bawshar kulikuwa na nyumba ya ukuta mrefu. Jioni ile haikuwa na gari, na taa ilikuwa moja tu, ya nyuma. Tulipofika langoni, ndani ikatoka sauti nzito ya mwanamke: "Moto! Moto!"

Wavulana wakaganda. Wao walilelewa kwa Kiarabu kitupu, na kwa Kiarabu cha kwetu kifo ni *mot*.

"Mumesikia?" mtoto wa ami akanong'ona. "Jini anaita mauti."

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, aliyezaliwa Unguja. "Si mauti. Ni moto, wa kuunguza."

"Wewe Mzinjibari, kila kitu kwako Kiswahili. Hata majini?"

"Nipe mawe."

"Nenda ukafe."

"Nipe mawe kwanza."

Akanipa, akicheka. Nikaingia langoni, nikapita ubavuni mwa nyumba kuifuata ile taa ya nyuma. Ukutani kikatokea kivuli kipana, hakina kichwa, mikono imenyooshwa mbele.

"Moto!"

"Hodi!" nikapiga kelele.

Kivuli kikasimama. "Nani huyo? Usisonge, mtoto, nimebeba mafuta!"

Alikuwa mpishi, Mkenya, ameinamia sufuria kubwa. Matajiri wake walikuwa wamealikwa futari, naye alikuwa akiwakaangia kaimati za kula wakirudi.

"Unamwambia nani moto?" nikamuuliza.

"Nimefanya miaka sita jikoni hotelini. Ukibeba kitu cha moto ukinyamaza, utamchoma mwenzako."

"Lakini uko peke yako."

"Huu mdomo haujaambiwa."

Akanijazia kaimati kwenye karatasi. Niliporudi langoni wavulana walirudi nyuma hatua mbili.

"Usile! Umesharogwa!"

Nikala moja mbele yao, polepole, shira ikinichuruzika kidevuni. Nikala ya pili. Mtoto wa ami akanyoosha mkono, si kwa kaimati.

"Haya, lete mawe. Umeshacheza."

"Sileti."

"Nitamwambia baba."

"Mwambie. Mwambie na ulipokuwa umesimama."

Nikageuka nikaelekea nyumba ya pili, nikigonganisha mawe kwa nguvu zangu zote. Kwa muda sikusikia mtu nyuma yangu. Kisha yakaja makubadhi, jozi moja, halafu nyingine, halafu yote. Sikupunguza mwendo.