Simba Mgongoni mwa Kijiko

Hata leo, nikinusa limao lililochanganywa na majivu, mikono yangu huanza kutafuta kitu cha kusugua. Nakusanya vijiko vya kale vya fedha, ndugu msomaji, vile vilivyoletwa na Wazungu enzi za ukoloni, na watu hunicheka kwamba nimekosa kazi. Waache wacheke. Kazi hii nilifundishwa na mtu aliyekuja kutuibia.

Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi, kijijini kwetu Kanoni. Bibi alikuwa na kikapu cha vijiko na uma, na kijiko kimoja kikubwa cha kupakulia. Babu, ambaye sikumkuta hai, alimpikia afisa mmoja Mwingereza miaka kumi na mmoja, na afisa alipoondoka, vyombo vikabaki kwetu. Vilibakije? Lisemwalo lipo, walisema majirani, kama halipo laja. Na lililosemwa ni kwamba babu aliiba. Kisimani watoto wenzangu waliniita mjukuu wa mwizi, nami niliwajibu kwa mawe. Kila Jumamosi nilivisugua vile vyombo kwa limao na majivu, kwa hasira, mpaka vidole vikawasha.

Siku moja akaja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Murongo, shati limepigwa pasi, kioo kidogo cha kukuzia mfukoni. Alimwamkia bibi shikamoo mara mbili, akaketi, akaanza kugeuza chombo kimoja kimoja na kuchungulia nyuma ya mpini.

"Ni nikeli tu, waitu, si fedha," akasema, akimwita kwa neno letu la heshima. "Nitavichukua vyote kwa kilo, nikupunguzie mzigo."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimemkodolea macho. Vyenye herufi nne mgongoni alivitupa upande bila kuviangalia tena. Lakini vyenye simba mdogo anayetembea, mguu mmoja juu, aliviweka taratibu karibu na goti lake. Kile kikubwa alikigeuza mara tatu. Alimpapasa simba kwa kidole gumba, kisha akapapasa herufi mbili za fundi aliyekitengeneza na herufi moja iliyokuwa kando yake. Mdomo wake ulisema nikeli, kidole kilisema jingine.

"Mbona vya simba unaviweka peke yake?" nikauliza.

Kwetu mtoto haingilii maneno ya wakubwa, na nilijua kofi linakuja. Halikuja. Bibi alitazama fungu la gotini, akatazama lile jingine, akanyoosha mkono.

"Nirudishie vitu vyangu."

Yule bwana akabadilika sura. "Mama, kila mtu hapa anajua vilipatikanaje. Nikipita kituo cha polisi nikasema neno moja, utavikosa vyote, na jina la mzee litaandikwa kwenye faili."

Niliogopa sana. Niliona jina la babu likiandikwa mwizi kwa wino wa serikali, na kisimani nisingekuwa na mawe ya kutosha. Bibi akainuka pole pole. Kwetu mgeni haondoki bila kuonja, na chungu cha ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kilikuwa kimeiva. Alichukua kijiko kile kikubwa, akakichovya chunguni, akampakulia sahani ikajaa.

"Kula, mwanangu. Ukishiba, nenda ukawaambie polisi umekiona kinafanya kazi."

Alikula. Majirani waliosikia maneno yale walikuwa wameshajaa uani, na kukataa chakula cha mama mzee mlangoni pake ni aibu isiyofutika. Aliondoka mikono mitupu, na kituoni hakwenda; angemshtakije mama aliyemlisha kwa kijiko kile kile mbele ya watu? Tangu hapo bibi alikibeba kijiko kile kwenye kila harusi na kila msiba, akawapakulia wale wale waliomsema.

Niliamini bibi alikuwa na hakika kwamba babu hakuiba. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujifunza kwamba simba ni fedha halisi, herufi mbili ni fundi, ile moja ni mwaka, na zile nne ni nikeli iliyopakwa fedha, nilimuuliza.

"Sijui," akasema. "Sikumuuliza babu yako. Kama alichukua, alichukua kijiko. Wazungu walimchukulia ujana wake."

Kumbe siku ile hakuwa na hakika yoyote. Alichokuwa nacho ni upande wa mumewe tu, na huo ulimtosha. Katika daftari langu kila chombo kina nafasi ya fundi, mji, mwaka na kilikotoka. Wakusanyaji wenzangu wananisisitizia hapo mwisho niandike jina la yule afisa. Nimeandika: kwetu.