Mfupa wa Muundi

Mume wangu alivunjika mkono wa kulia kwenye kinu cha kuchambulia pamba, pale ufukweni mwa ziwa, mkanda wa mashine uliponasa shati lake. Mfupa ukaoza. Hospitalini wakatoa kipande kirefu kama kidole changu, na usaha ulipokuja kukauka, kigasha kilikuwa kinapinda mahali pasipo kiwiko. Nilikiona siku moja alipoinua kikombe, nikageuza uso.

Daktari Mwingereza alituita sisi wawili pamoja na mama mkwe. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, alifasiri kwa Kisukuma, maana mama mkwe hakujua Kiswahili. Mezani palikuwa na bamba la chuma na kipande cha mfupa wa ng'ombe, cheupe, kilichochemshwa. Daktari alisema chuma hushika upesi, lakini kwa pengo kubwa namna ile skrubu zingelegea, kwani chuma hakioti. Mfupa wa ng'ombe ungemwepusha na kidonda kingine, ila mwili huweza kuukataa, au kuula kidogo kidogo. Njia ya tatu ilikuwa kuchonga kipande kwenye muundi, mfupa wa mbele wa mguu, wa mume wangu mwenyewe.

"Mguu usioumwa?" nikauliza.

Dresa akasema ndiyo, huo huo. Nilikuwa nimemleta mtu mwenye kidonda kimoja, nao walitaka kumwongezea cha pili kwa makusudi.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa ameketi sakafuni, akafunua nguo yake mpaka gotini, akaunyoosha mguu wake mkavu mbele ya daktari.

"Mwambie akate huu," alimwambia dresa. "Mimi siendi tena mbali."

Hakuwa anatania. Daktari alipofasiriwa alijibu kwamba mwili huujua mfupa wake wenyewe. Wa mtu mwingine, hata mama mzazi, hakuwa na hakika nao.

"Mifupa yake imetoka wapi, kama si kwangu?" mama mkwe akauliza.

Dresa hakulifasiri hilo. Mume wangu akasema wakate wake mwenyewe.

Baada ya upasuaji mguu ulimuuma kuliko mkono. Hilo nalo hatukulitarajia. Lakini mfupa ulishika. Mkono ulibaki mfupi kidogo, hakurudi kinuni, tukalima Buswelu. Muundini pakabaki bonde. Mara ya kwanza kulisafisha, lilipokuwa bado kidonda, nililiosha huku nimefumba macho, na mama mkwe akaninyang'anya kitambaa, akaliosha mwenyewe.