Halbadiri ya Petroli

Mimi nimewahi kusomewa Halbadiri kwa ajili ya bomba la moshi. Wajukuu zangu wakisikia hucheka, nami huwaacha wacheke, maana wao hawakuwapo wakati tumbo langu lilipokuwa likitazamwa na mji mzima kila asubuhi.

Zama hizo za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Lindi. Tulipeleka nguo, chumvi na sukari Kilwa, tukarudi na mbata, zile nazi zilizokaushwa, na ufuta na abiria waliokaa juu ya magunia. Dereva wakati ule alikuwa mtu! Nikipita na kofia yangu, hata karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alinisalimu kwanza. Ndiyo maana nilipopeleka posa Kiswere, kwa binti wa mzee mmoja mwenye minazi, haikukataliwa. Binti yule nilimpenda, nasema wazi bila haya. Alikuwa na ulimi mkali kama wangu, na akicheka alicheka kwa sauti, hakujiziba mdomo kwa kanga. Mzee akapokea posa, akasema tungoje mavuno yaishe ndipo tufunge ndoa.

Tukiwa katika kungoja, lori likatoboka. Pale bomba la moshi linaposhikana na injini huwekwa gasketi katikati ili moshi usivuje. Yetu iliungua, kisha chuma chenyewe kikaingia ufa. Likaanza kunguruma, ngurumo ya kutisha watoto. Nikamwendea tajiri nikamwambia bomba limepasuka, tuliingize kwa fundi. Akatoka barazani, akaniamuru nipige hendeli alisikie. Lori likawaka, kuku wa jirani wakaruka ua. Tajiri akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Liache hivyohivyo," akasema. "Sauti hiyo ndiyo nguvu yake."

Na biashara ikachangamka kweli, siwezi kumsingizia. Kulikuwa na lori jingine katika njia ile, zima, halina kasoro, nalo lilipita kimya watu wakiwa mashambani, wakatoka kuona vumbi tu. Letu lilipiga hodi tangu mbali. Tulipofika Mchinga tulikuta akina mama wamesimama kando ya njia na mizigo yao tayari. Tajiri akapiga marufuku mtu yeyote kuligusa bomba lile.

Lakini petroli! Debe lililokuwa likitufikisha Kiswere sasa lilitupitisha Mchinga kidogo tu, likaisha. Vilima nilivyozoea kuvipanda kwa gia ya tatu nikawa navipanda kwa ya kwanza, mguu nimekanyaga mpaka chini, na gari linalia tu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wazee, na walisema kweli. Nikalipeleka kwa fundi wa shamba la mkonge. Akainama, akanionyesha masizi kwenye mdomo wa kabureta, pale injini inapovutia hewa. Moshi unaotoka katika ufa, akasema, unavutwa tena ndani badala ya hewa safi. Injini inakosa pumzi, inakosa nguvu, wewe unazidi kukanyaga, na petroli inaungua bila kazi. Ziba ufa, uone.

Nikamweleza tajiri neno kwa neno. Alinisikiliza kwa adabu sana.

"Moshi unatoka nje," akasema, "petroli inaingia ndani. Vinajuana wapi? Petroli yangu anainywa mtu mwenye miguu miwili."

Loo! Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kama ningekuwa nauza petroli yake nisingetembea na viatu vya namna hii, kidole gumba kinachungulia nje. Akavitazama viatu vyangu, akasema wezi werevu ndivyo wanavyovaa. Mtu akishakuita mwizi, ndugu yangu, hata umaskini wako huwa ushahidi.

Safari iliyofuata akanipa mlinzi, shemeji yake, kaka wa mkewe. Alikaa pembeni yangu na amri moja tu, asifumbe macho. Sasa, sakafu ya lori ilikuwa na matundu, na moshi wa ule ufa ulipanda mpaka tulipokaa. Mimi nilikwishazoea kuendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Shemeji alikuwa na kanzu nyeupe, hakutaka vumbi, akafunga dirisha lake. Nikamwambia afungue, akanijibu kuwa hapokei amri kutoka kwa dereva. Kabla ya Mchinga alikuwa anapiga miayo. Baada ya Mchinga kichwa kikaanguka kifuani, akalala fofofo, hata nilipoongeza petroli hakujua. Kiswere tulimshusha akitapika. Aliporudi Lindi akatoa ripoti yake mbele ya watu: dereva kamtilia dawa ili auze petroli kwa nafasi.

Basi ikatangazwa kwamba Ijumaa, baada ya sala, itasomwa Halbadiri dhidi ya mwizi wa petroli. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezana kisomo hicho. Mwizi akisomewa huvimba tumbo, na asipovimba hushikwa na wazimu, na wengine hawafiki hata huko. Habari mbaya haihitaji petroli. Safari iliyofuata nilipofika Kiswere, mzee alikwishajua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitika, macho yako tumboni kwangu. "Mwanangu, mimi sikushuku hata kidogo. Ila ndoa tuiache kwanza, tuone hilo tumbo."

Nikamsikia binti nyuma ya mlango akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Baba, mwizi gani mwenye viatu vile?" Mzee akamkemea. Mimi roho ikatulia, nikajua kuna mtu mmoja duniani ananiamini.

Kisomo kikasomwa. Nilikaa mbele kabisa, nikaitikia amina kuliko wote. Lakini nisikudanganye, usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi kitu cha kwanza nilichoshika ni tumbo. Hata msafi huogopa. Mama yangu alipika kunde, nikazisukuma kando. Kunde zinajaza tumbo hewa, na siku zile nikijaa hewa, nani angeniamini kwamba ni kunde? Nikawa nakunywa uji mwepesi tu. Basi nikakonda, mashavu yakaingia ndani, na majirani wakaanza kunong'onezana: mnamwona, imeshaanza, inamla kutoka ndani. Astaghfirullahi! Nikila nitavimba, nisipokula ninaliwa. Mama alilia, nami nikamfokea, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Kazi tajiri hakuniachisha. Alikuwa anangoja kisomo kinimalize mwenyewe.

Tulikuwa tunatoka Kilwa, lori limejaa mbata, tunapanda kilima cha mwisho kabla ya Mchinga. Nimekanyaga mpaka chini. Nikasikia mlio mwingine kabisa, kama chungu kikipasuka mekoni, na moto ukachomoza upande wa injini. Ule ufa ulikuwa umefunguka wote, ukatema moto juu ya kabureta. Nikapiga breki, nikapiga kelele, abiria wakaruka na mizigo yao, na namshukuru Mungu hakuungua mtu. Lakini mbata ni mafuta matupu. Liliungua lori lile mpaka magurudumu, na kijiji kizima kikanukia kama nyumba inayokaanga maandazi ya sikukuu.

Watu wa Mchinga walikuja mbio wakasimama kutazama. Mama mmoja akapiga ukelele: "Tumbo! Limepasuka tumbo!" Wakatazamana. Wakanitazama mimi nilivyokonda, wakalitazama lori. Kisha mmoja akasema, na wote wakaitikia, kwamba Halbadiri imempata mwizi wake. Petroli ilikuwa ikinywewa na lori lenyewe! Wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, wengine wananiomba radhi.

Tajiri alipofika alilia. Alisimama mbele ya majivu akatikisa kichwa, akakiambia kile chuma, si mimi, "Kumbe ni wewe!" Nikamkumbusha kuwa ndiyo maneno yaleyale ya fundi niliyomletea tangu mwanzo.

"Wewe ulisema," akanijibu. "Kisomo kimethibitisha."

Aliniomba msamaha mbele ya watu, akanikumbatia, kisha akanieleza kwa upole kwamba hana lori tena, kwa hiyo hahitaji dereva. Gasketi hakuitaja yeye wala mtu mwingine yeyote. Nilizunguka kutafuta kazi Lindi nzima. Magari yalikuwa machache kuliko madereva, na kila mwenye gari alinisifu kwa uaminifu wangu, akaniaga.

Nikaenda Kiswere kwa lori lile la kimya, nimelipa nauli kama abiria. Mzee alinipokea kwa mikono miwili.

"Nimesikia yote. Alhamdulillahi, u mtu safi."

"Nimekuja kwa habari ya ndoa, mzee."

"Ndoa," akasema. Akatazama minazi yake. "Sasa hivi unaendesha nini, mwanangu?"

Nikaivua ile kofia yangu ya udereva, nikaishika mkononi.

"Mwizi nisingempa binti yangu," akasema, tena kwa huruma, "na asiye na kazi simpi vilevile. Lakini mwizi asingevuka kizingiti changu. Karibu ndani, ukae."

Nikaingia. Binti alileta chai mwenyewe. Nilingoja aseme neno, hata tusi ningelipokea kwa furaha. Aliinama, akaniwekea mbele yangu kikombe kile cha maua ambacho kwao hutolewa kwa wageni tu, akarudi nyuma ya mlango.