Maharage ya Mkwe

Mume wangu Ephraim ni mpishi, tena si wa kukaanga mayai. Ni mwaka wa kumi na moja sasa anapika kwenye kambi ya watalii huko pembeni ya Serengeti. Masika kambi ikifungwa anarudi nyumbani kwetu Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda, na kitu cha kwanza anachofanya ni kunifukuza jikoni. Sigombani naye. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nikishinda na watoto sabini na nane, jioni sina hamu ya kuonana na sufuria.

Aliyegombana na jambo hilo ni mama yangu. Anaitwa Nyangi, mjane, mkulima wa Butiama, na ulimi wake hauna likizo. Siku Ephraim alipoleta washenga, mama aliuliza mbele ya wazee wote, "Mwanaume anashindaga jikoni, huyu anaoa wa nini? Si ajioe mwenyewe?" Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Ephraim hakucheka. Wajomba ndio walioipitisha ile ndoa, na mama alibaki pembeni akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Tangu siku hiyo hawajawahi kuongea. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja kula mbele ya mwenzake ni aibu. Kuhusu mama mkwe kula chakula kilichotoka mkononi mwa mkwe, wazee hata hawakuweka katazo. Nani aliwahi kuwaza kwamba mkwe atapika?

Aprili mwaka huu mama aling'olewa meno matano kwa mpigo. Daktari wa Bunda akasema asiende mbali kwa wiki moja, amwangalie vidonda, maana mama ana sukari na vidonda vyake vinachelewa kukauka. Akakubali kulala kwangu kwa masharti: apewe chumba cha uani chenye mlango wake, na "yule bwana" apitie nyuma ya migomba. Ephraim akapitia nyuma ya migomba, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, na asubuhi alikuwa akisalimia kwa kukohoa.

Shida ikawa kula. Dawa ya sukari alitakiwa anywe akiwa ameshiba, na muuguzi alinionya kwa kidole kabisa: akiinywa tumbo tupu itamwangusha. Siku mbili alikunywa uji wangu, na nakiri uji wangu una mabonge. Siku ya tatu akakisukuma kikombe.

"Nimechoka na uji. Mimi si mzazi aliyejifungua jana wala si mtoto mchanga. Nirudishe Butiama. Kama ni kufa na njaa, nikafie kwangu."

"Na dawa, Mama?"

"Dawa utakunywa wewe."

Nilitoka nikaenda jikoni kulia. Niliogopa sana. Baba alituondokea hivyohivyo, siku tatu za kukataa chakula halafu kimya. Ephraim alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunua chungu. Alikuwa amechemsha maharage ya njano tangu asubuhi, yameiva mpaka ganda linateleza lenyewe.

"Tumpondee haya," alisema. "Kule kambini wazungu wanapakaga kwenye mkate. Haihitaji meno."

"Atakula chakula chako? Labda umfunge kamba."

"Sema umepika wewe. Nenda kakae naye, jikoni niachie mimi."

Nikaenda nikakaa naye kitandani, nikimfunga kitambaa upya kichwani na kumpigia porojo za shule ili asinuse kitu. Baada ya muda nikarudi jikoni. Ephraim alikuwa ameponda maharage kwenye kile kinu kidogo cha karanga, pamoja na punje mbili za kitunguu saumu alizozichemsha kwanza zisiwashe. Akatia mafuta ya alizeti na supu kidogo ya maharage yenyewe mpaka yakawa laini. Giligilani tunaipanda kwenye ndoo iliyotoboka. Aliikata ndogondogo akaichanganya mwisho, ibaki mbichi. Pilipili hakutia, na limao alilishika, akalirudisha kikapuni.

"Litamchoma kwenye vidonda," alisema. "Mpaka vikauke."

Mama alilitazama lile bakuli kama anasoma barua ya serikali. Akachovya ncha ya kidole, akaramba. Akachovya tena. Nikamkatia kiini cha mkate, akakiweka pembeni, akaendelea kwa kijiko mpaka bakuli likawa jeupe. Akanywa dawa bila kuambiwa. Halafu akageukia dirishani akasema kwa sauti ya kuita mbuzi:

"Recho! Leo umepika! Mungu akubariki mikono!"

Nina miaka thelathini na nane. Katika miaka hiyo mama amewahi kusema ugali wangu unafaa kuzibia nyufa, na mlenda wangu ulikataliwa na kuku. Nilijua kabisa sijagusa hata mchi, lakini moyo wangu ulifurahi, ufanyeje? Kesho yake akanisifu tena, kwa sauti ileile. Siku iliyofuata nikamsimulia Mwalimu Susana ofisini jinsi ninavyoponda maharage, na nilipofika kwenye giligilani nilikuwa nimeshaanza kuamini. Mwongo akisifiwa anasahau njia aliyojia.

Siku ya saba mvua ilivujia darasani tukawaachia watoto mapema. Niliingia uani saa tano, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na nikasimama palepale.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, nje ya jiko, mgongo ameupa ukuta. Ndani ya jiko mchi ulikuwa unagonga, taratibu, kwa mapigo yaliyo sawa. Mbele ya mama palikuwa na kuku wangu mwekundu akiparura, na mama alikuwa anaongea na huyo kuku.

"Wewe kuku, mwambie huyo anayetwanga leo atie limao. Vidonda vimekauka."

Ndani mtu akakohoa. Nikasikia limao linakatwa.

"Mama," nilisema. "Umejua lini?"

Hakushtuka. "Siku ya kwanza. Ulikuwa umekaa kitandani kwangu unanifunga kitambaa, na mchi unalia jikoni. Nimeng'olewa meno, sijang'olewa masikio. Na mchi wako naujua, unatwangaga kama unagombana na kinu."

Nilitamani ardhi inimeze, kuku wangu abaki juu. "Basi kwa nini ulikula?"

"Ningekataa, si ungepika wewe."

Jikoni kikohozi kikatoka tena, na hiki kilikuwa na kicheko ndani yake. Mimi sikucheka. Niliumia, na nikasema hivyohivyo nilivyojisikia: "Kumbe wiki nzima unanisifu uongo? Unajua nimelisubiri neno hilo tangu niko mtoto?"

Mama aliacha kumwangalia kuku. Sauti yake ikashuka.

"Mimi nilimtukana yule bwana mbele ya wazee, Recho. Kosa lile nimekaa nalo. Radhi nitamwombaje, na kuongea naye siwezi? Ndiyo nikawa nasema na wewe, kwa nguvu, dirisha likiwa wazi."

Mchi ulinyamaza. Halafu ukaanza tena, polepole zaidi.

"Na mimi je, Mama?" nikauliza.

"Wewe kupika hujui, mwanangu, tusidanganyane." Akanivuta mkono nikae chini karibu naye. "Ila kuchagua ulijua. Mimi ndiye sikujua."

Nikakaa kwenye tope lile na sketi yangu ya kazini. Bakuli likatolewa likawekwa kizingitini, mkono ukarudi ndani. Mama alikuwa amegeuzia uso kwenye migomba, kama inavyotakiwa, na hakugeuka mpaka mlango ulipoegeshwa. Kisha akalivuta lile bakuli, akachovya, akafumba macho, akamwambia kuku limao limetosha. Akanisogezea na mimi. Nilikula kwa kidole, na tulipomaliza nikaenda kumletea dawa.