Nyundo ya Jumamosi

Sheikh alinitaka nirudie swali kwenye simu, akidhani laini ni mbovu. Nilikuwa nimemuuliza swali ambalo nadhani hakuna kizuka mwingine aliyewahi kumuuliza: gereji ni ndani ya nyumba au ni nje? Mimi niko eda, nina miezi minne na siku kumi za kutotoka, na gari la marehemu mume wangu liko gereji. Akauliza, "Mlango wake uko wapi?" Nikamwambia unatokea jikoni, ubavuni mwa friji. "Basi ni ndani," akasema, "lakini lile lango kubwa la barabarani lifunge." Hakuuliza nataka kufanya nini humo. Angeuliza ningemwambia, mimi si mtu wa kuzungukazunguka.

Nilitaka kulitengeneza. Cheka, wenzako walicheka. Mwanamke wa Mombasa, miaka hamsini na minane, nguo nyeupe za eda mwilini, hajui hata kubadilisha tairi, ati anataka kulifufua gari la Kimarekani la milango miwili na injini ya silinda nane, lililokwisha kuliwa na kutu. Lakini nyumba yetu ya hapa Carrollton, Texas, ilikuwa ya kupanga, na binti yetu, ambaye ni muuguzi, alikuwa amepata kazi Houston. Eda ikiisha, tunahama. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anaendesha malori huko Houston. Alinipigia simu akanieleza bila kuficha.

"Shemeji, nitakuja na trela. Likipanda kwa magurudumu yake, nitakuwekea uwani kwangu hata miaka kumi. Lisipopanda, namwita mtu wa chuma chakavu."

Mtu wa chuma chakavu! Miaka sita mume wangu aliingia gereji ile kila Jumamosi baada ya chai. Alikuwa dereva wa teksi za uwanja wa ndege, wiki nzima yuko barabarani, na hiyo ndiyo siku yake moja ya kupumzika. Mimi huku jikoni nasukuma chapati, nasikia nyundo, ngo, ngo, ngo, mpaka kichwa kinaniuma. Nilimsema sana. Nina mdomo, najijua. "Wewe! Hivi mkeo ni mimi au ni hilo gari?" Naye anajibu kutoka ndani, "Bado kidogo tu." Wageni wakija kula, mimi huyo huyo ndiye wa kwanza kutamba: siku likitoka mtaniona nimeketi mbele kama bibi arusi, moja kwa moja hadi Houston. Yeye anacheka, anaangalia sahani yake.

Mwenyewe gereji sikuingia. Panya, joto, harufu ya petroli, na gari lenyewe limefunikwa turubai. Palikuwa pake.

Nilijifunza kwenye simu, kwa wazee wa Kimarekani wenye ndevu wanaoonyesha kila kitu polepole. Nikaanza na mlango wa dereva, brashi ya waya na msasa. Lango kubwa limefungwa, nje jua la Texas, ndani mimi na feni moja. Nilisugua nikitarajia kukuta chuma kizuri chini ya kutu. Nikakuta kutu nyingine. Kila nikisugua, mlango unapungua. Nguo zangu za eda zikageuka rangi ya hina, mimi niliyekatazwa hina.

Binti yangu alipinga mwanzoni, kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika. Tangu mazishi alikuwa hali vizuri, anarudi kazini anajifungia chumbani. Halafu siku moja akaniletea barakoa na glavu, akaketi kwenye kidaraja cha mlango wa jikoni na sahani ya wali, akala wote akinitazama. "Ma, mimi nitakaa nyuma," akasema. "Mbele pako." Nikacheka mpaka nikakohoa vumbi. Tangu siku hiyo kila akirudi swali ni hilo hilo: gari limefika wapi? Akawapigia hata shangazi zake Mombasa kuwatangazia.

Mwezi wa tatu nikafika kwenye matairi. Yote yalikuwa yamelala chini, hayana upepo. Nikaweka jeki pale pale mzee wa ndevu alipoonyesha, nikapampu. Gari halikunyanyuka. Jeki ndiyo iliyonyanyuka, ikasema krrr, ikapenya sakafu ya gari kama kidole kwenye mkate uliolowa chai. Lahaula! Nikajaribu upande wa pili, krrr. Nyuma, krrr. Magari siyajui, lakini kuoza nakujua. Hapakuwa na mahali pa kulishika gari lile ulinyanyue.

Nikafungua mlango nione shimo. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, umbo la mtu aliyekaa muda mrefu. Nyuma kulikuwa na maboksi ya vipuri, breki, taa, mipira ya milango, yote bado na utepe wake wa dukani. Na kwenye kiti cha abiria, kile changu, juu ya kanga yangu kuukuu iliyokunjwa vizuri, palikuwa na kipande cha chuma kinene na nyundo. Chuma kile kilikuwa kimejaa makovu ya nyundo, upande wote. Gari zima halikuwa na kovu hata moja.

Nikaichukua nyundo nikapiga mara moja. Ngo. Ilikuwa sauti yenyewe.

Nilikaa kwenye kiti chake nikalia kwa haya. Alijua tangu lini? Pengine tangu mwaka wa kwanza. Angeniambia vipi, na mimi nimekwisha kuwatangazia watu wote safari ya Houston? Mwanamume wa watu alikuwa anakaa humu kwenye joto, anapiga chuma ili mimi nisikie, nisije nikafungua mlango.

Sijui nilikaa muda gani. Binti yangu alikuwa amerudi, nikasikia nyayo zake jikoni, kisha akagonga. "Ma? Mbona kimya? Uko sawa?"

Nilitaka kumwambia, wallahi. Mimi niliye na mdomo, nikaishika nyundo. Nikaona kitasa kinazunguka.

Nikapiga. Ngo, ngo, ngo. Kitasa kikarudi.

"Limefika wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Bado kidogo tu, mwanangu."

Eda ilikuwa imebakia siku thelathini na nane. Nilipiga kila siku, mpaka shemeji alipofika na trela.